Dereva Hajagoma

Jumatatu, 2 Desemba
Plau tena. Udongo laini kama uji, mvua imetubariki, na nimerudi na mistari mitatu tu. Maksai wangu Dereva kalala katikati ya shamba, nira shingoni. Sijamchapa. Mimi simchapi mtu mzima.

Wa kulaumiwa ni kaka Deo. Kamchukua Diwani, mwenzake Dereva, kampeleka Msanzi kuwa mahari ya mwanawe. Hakuniuliza. Hao wawili wamevuta pamoja tangu wafundwe, Dereva kulia, Diwani kushoto. Watu walikuwa wanatoka Mwazye kuja kutazama mistari yangu tu, wanarudi kwao na aibu. Sasa nimeletewa huyu wa Kaoze, kutoka kwa Wasukuma kule bondeni. Nimempa jina Mgeni. Ana nguvu, sikatai. Lakini anamsukuma Dereva kutwa nzima.

Jumanne, 3 Desemba
Kaka kaja shambani, mikono nyuma kama mkaguzi. Eti Dereva amezeeka, amekuwa mgomvi. Asipolima mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, anakwenda kwa mchinjaji, tule nyama Krismasi. Ng'ombe ni wa marehemu baba, na mwenye sauti ni mkubwa. Lakini kuyasema mbele ya Dereva mwenyewe! Alisikia. Aliacha kucheua.

Nina hasira mpaka masikio yanavuma.

Alhamisi, 5 Desemba
Nimegundua. Dereva hajagoma. Hasemeshwi! Mgeni kakulia kwa Wasukuma, anaongea Kisukuma. Dereva ana Kifipa, na Kiswahili kidogo cha mnadani. Utavutaje plau na mtu msiyeelewana naye?

Nimewaeleza kilabuni, kwa upole kabisa. Wamecheka mpaka mmoja kamwaga pombe. Nikawakumbusha usiku ule niliolala bondeni, fisi wawili wakanijadili, na mmoja akasema, "Huyu mwache, atatuvunja meno." Wakacheka zaidi. Wajinga. Mimi niliishia darasa la sita kwa sababu ya mwalimu, si kwa sababu ya kichwa.

Jumamosi, 7 Desemba
Yustina kaja kutoka mjini Sumbawanga. Binti wa kaka, mwalimu wa sayansi sekondari. Shikamoo yake nzuri, ya kupiga goti. Halafu anakutukana kwa adabu.

"Baba mdogo, wanyama wanapeana ishara tu. Naogopa, nina njaa, njoo. Ng'ombe hawezi kukusimulia ya jana."

Ya jana! Hata baba yake hawezi kusimulia ya jana bila kudanganya.

Nikamuuliza: kuku akiona mwewe analia hivi, akiona nyoka analia vingine, na vifaranga vinajua pa kukimbilia. Hiyo ni nini? Eti ishara. Kila kitu ishara. Kwa neno hilo moja analipwa mshahara.

Na mke wangu badala ya kunitetea: "Ng'ombe wakikusimulia ya jana, baba Edita, wewe utaongeza chumvi." Nimekula nimegeukia ukuta.

Jumatano, 11 Desemba
Mvua. Hakuna plau. Kaka kamleta mchinjaji kumtazama Dereva. Mtu yule kambonyeza mgongoni kwa vidole, kama anachagua parachichi. Nikamwambia akabonyeze mgongo wa baba yake. Kaka kasema sina adabu.

Sina.

Ijumaa, 13 Desemba
Leo nimesikia kwa masikio yangu!

Tumeshindwa tena, nikawafungua, nikawaacha warudi zizini wenyewe. Mgeni kazunguka nyuma, kaja kulia. Dereva kainamisha pembe, kaguna chini kwa chini, kazunguka, karudi kulia yeye. Mgeni tena. Njia nzima, kama watu wawili wanaogombea kiti cha mbele kwenye lori. Nikaelewa kila neno. "Hapa pangu." "Hata mimi kwetu nakaa hapa."

Wote ni wa kulia! Mgeni naye kafundishwa kutembea kulia, ndani ya mtaro wa plau. Nikimweka kushoto anautafuta mtaro, anamsukuma mwenzake, mwenzake akichoka analala. Mwenye ng'ombe hakuniambia. Sawa, sikumuuliza. Mtu kama mimi anaulizaje namna ya kufunga ng'ombe?

Jumamosi, 14 Desemba
Siku ya mwisho. Kaka kaja. Mchinjaji kaja na kamba. Yustina kaja na mwavuli, jua linawaka.

Nimemfunga Mgeni kulia. Katulia kama padri. Nikamleta Dereva kushoto. Kakataa. Kakita miguu ardhini. Mzee yule, maisha yake yote kulia, nani atamgeuza kwa asubuhi moja? Mchinjaji akaanza kukunjua kamba.

Ndipo Dereva kashusha pua kwenye nira, pale mahali pa Diwani, mti umekuwa mweusi kwa jasho la shingo yake. Kanusa. Kanusa tena, muda mrefu. Kalamba. Halafu kaingiza shingo mwenyewe.

Mke wangu kashika kamba mbele. Wamevuta. Mstari mpaka mwisho wa shamba, umenyooka. Tukageuka. Wa pili. Mchinjaji kaondoka bila kuaga.

"Amenusa tu, baba mdogo," kasema Yustina. Macho yamelowa, na mvua haipo.

Hasira ikanipanda upya. Amenusa! Kama si lugha, nani kamwambia akae hapo? Mimi sikumwambia. Baba yako hakumwambia. Kashusha mwavuli mpaka usoni. Mwalimu mzima!

Kilabuni leo nimesimulia mara nne. Mara ya nne Dereva aliinama akavaa nira kwa miguu ya mbele.

Jumatano, 25 Desemba
Krismasi. Tumekula kuku. Kaka kala paja. Shamba limekwisha, mahindi ya mwanzo yamechomoza.

Jioni nilikwenda zizini, nikamkuta Yustina ameegemea mti wa mlango. Mgeni amelala anacheua. Dereva kasimama, uso kwenye njia ya Msanzi, ile aliyoondokea Diwani. Kalia mara moja, kwa kuvuta. Kanyamaza, masikio mbele, kama anayesubiri kujibiwa.

"Amesema nini, baba mdogo?" Hakuwa ananicheka.

Dereva akalia tena.

Nikamwambia sijasikia vizuri.