Majibu Ndani ya Koti la Harusi

Mume wangu kipenzi,

Pazia jipya nimelitundika, na mto wako naulalia mimi ili nikunuse. Wiki tano za ndoa, na bado nikitamka "mume wangu" nacheka peke yangu.

Leo nesi wa kliniki amenipigia. "Bi harusi, fungate haiishi tu? Majibu ya homoni zako bwana aliyachukua wiki mbili zilizopita, akasema utakuja."

Nimeyakuta kwenye koti lako la harusi. Homoni ziko juu. Nesi anasema hiyo si saratani, ila hatari inaongezeka. Na kwa kuwa mama alikufa kwa saratani ya matiti akiwa bado hajakoma hedhi, walitaka nipigwe picha ya matiti mapema.

Ulinibusu ukapanda basi kurudi kazini, nawe tayari unajua. Hasira imenijaa mpaka kalamu inatoboa karatasi. Usiniambie ulitaka nifurahi kwanza. Baba naye alimficha mama majibu yake hivyo hivyo, "asije akapata presha," tukamzika.

Napigwa picha kesho saa tatu. Nakwenda na dada. Nafasi hiyo ilikuwa yako.

Mkeo, anayekupenda na ambaye bado hajakusamehe.