Maji ya Mayu ndani ya Gunia la Pamba

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka! Usicheke kuitwa mjukuu na kijana mliyepishana miaka mitano. Mimi ni mdogo wa babu yako, basi ni babu, na shikamoo yako naidai. Hapa Mkula wote wazima, na ng'ombe mwekundu kazaa.

Unalalamika kwamba baridi ya Makambako inakufanya uchemshe maji ya kuoga asubuhi na jioni, umeme unaisha upesi. Umemuuliza bingwa, hata kama shule niliiachia darasa la sita.

Mwaka ule kuni zilikuwa adimu, na magoti ya mayu, mama yetu, hayakutaka maji baridi. Nikajigamba, "Mayu, kesho utaoga maji ya moto bila kuwasha moto!" Jioni nikachemsha maji kwa makaa yaliyobaki baada ya ugali, nikajaza dumu, nikalifukia katika gunia la pamba ambayo babu yako alikuwa akingoja kuiuza. Asubuhi yalikuwa bado ya moto. Ila kifuniko sikukikaza.

Babu yako akaishika ile pamba. "Nani kailowesha?"

Mayu, ndiyo kwanza katoka kuoga, akajibu, "Mimi."

Tulianika pamba kutwa nzima. Jioni babu yako akanirushia koti lake zito. "Funga dumu kwa hili, bwana fundi."

Nawe chemsha mara moja tu, jioni, kisha funga dumu kwa blanketi.

Mayu sikujua nimshukuruje. Basi hadi leo maji yake nayafunga mimi, wala simruhusu mwingine.

Babu yako mdogo kwa umri, si kwa akili,
Masanja