Leso ya Mkononi

Mjukuu wangu Keza,

Hapa Kibagabaga tu wazima. Goti la bibi yako limepona, na ameanza tena kuniamuru.

Unauliza kwa nini kwenye sinema za zamani za vita wanajeshi wanacheza dansi wanaume kwa wanaume. Usicheke, hata mimi nimecheza hivyo! Kambi yetu ya wajenga barabara, kule Tanzania nilikokulia, haikuwa na mwanamke hata mmoja. Shida za kule tuziache. Kila Jumamosi tulipiga santuri, na sisi wafupi tukafungwa leso mkononi. Mwenye leso ndiye bibie, anaongozwa. Hakuna aliyeona haya. Tulitaka kucheza tu.

Basi siku ya harusi yangu rumba ikapigwa. Nikamshika bibi yako, nikasimama namngoja anivute. Ukumbi mzima unatutazama. Akaninong'oneza, "Vipi wewe?"

Nikamwambia ukweli: "Mimi najua upande wa mwanamke tu. Kambini nilifungwa leso mkononi, nikaongozwa."

Hakucheka. Alitoa leso yake, akanifunga mkononi mbele ya wakwe, akaniongoza mpaka wimbo ukaisha.

Leso hiyo sijamrudishia mpaka leo.

Babu yako