Pikapu ya Pedeli Mbili

Iringa,
14 Januari 1978

Kaka Asukile,

Ugonile. Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na hii baridi ya Iringa sasa tunaheshimiana. Je, wewe? Wifi Rozalia je? Na mguu? Nauliza ule uliobaki, maana ule mwingine najua hausumbui tena. Usikasirike, mimi mwenyewe nimeshacheka peke yangu humu stoo mpaka mlinzi akachungulia.

Sasa sikiliza. Huu mradi wetu wa kupima mito unafungwa, wazungu wanarudi kwao na vitu vinauzwa. Mimi ndiye mwenye funguo za vipuri, kwa hiyo orodha nimeiona kabla haijabandikwa. Kuna pikapu mbili, zote za dizeli. Nyekundu ina gia za mkono, ni ngumu, na mafundi wote wa hapa mjini wanaijua mpaka mbavu. Ya bluu ilitoka Marekani, usukani wake uko kushoto, na haina klachi. Kaka, rudia hapo: haina klachi. Chini kuna pedeli mbili tu, ya mafuta na ya breki, na zote zinakanyagwa kwa mguu wa kulia. Gia inajibadilisha yenyewe. Wanaiita otomatiki.

Juzi niliingia ndani, nikaukunja mguu wangu wa kushoto juu ya kiti nikaukalia, nikamwambia Yotamu, dereva wetu, anielekeze. Nimeizungusha uwanjani mara tatu. Mimi ambaye hata baiskeli ilinishinda! Niliposhuka nilikuwa nalia, Yotamu wa watu akadhani nimejibamiza.

Miaka mitatu tangu ile ajali unakaa barazani, unayajua malori ya wenzako kwa mlio. Mimi siwezi kuizoea hali hiyo hata kama wewe umeizoea. Ile fidia yako Rozalia bado anayo. Ila nisikufiche: Fundi Didas, anayetutengenezea magari, anasema nyekundu ndiyo gari, na ya bluu haimalizi mwaka. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Yudith


Mbalizi,
23 Januari 1978

Yudi mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na matusi yake ndani. Mguu uliobaki unakusalimu sana, unasema siku ukija kwetu utakupiga teke. Rozalia hajambo, mahindi yamesimama vizuri, mvua haitupi nafasi hata ya kuanika shati.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ya tano nikampa Rozalia aisome kwa sauti, nione kama maneno yatabadilika. Hayakubadilika. Basi nikaichukua nikaisoma tena mpaka chai ikapoa.

Lakini mimi si mtoto, Yudi. Nimeendesha lori miaka kumi na minne kutoka Tunduma mpaka bandarini. Giaboksi ya mkono naijua. Kabla haijafa inalia, inakuomba msamaha, inakupa wiki mbili za kujipanga. Hiyo ya kujibadilisha yenyewe ikiumwa inasemaje? Nani hapa Mbeya ataifungua? Na wewe unaijua milima ya Umalila, matope yake na viazi vyake. Itapanda na magunia kumi? Muulize Didas, na usimuulize kwa kicheko, mbane.

Watu hapa wananishauri nichukue nyekundu niajiri dereva. Yaani nikae pembeni kama kifurushi, nimtazame mtu akizisaga gia mbele yangu? Heri baraza langu. Mimi sitaki kumiliki gari, nataka kuendesha. Basi, nimesema, na sijawahi kumwambia mtu mwingine.

Kaka yako,
Asukile


Iringa,
6 Februari 1978

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiwa umesimama utaanguka. Hatujambo sote.

Nilimbana Didas mbele ya Yotamu, wakagombana mpaka mchana. Didas anasema giaboksi ya otomatiki ndani ni kama utumbo wa mbuzi, mabomba na vali na visahani, ukishaitoa hujui kuirudisha. Ya mkono, anasema, hata akiwa na homa ataifungua. Yotamu akamjibu: "Haya, nyekundu umeifungua mara ngapi?" Didas akahesabu kwa vidole. Klachi imebadilishwa mara mbili, gia ya pili imeliwa meno mara moja. Na ya bluu? Hakuna hata boliti iliyoguswa, na masika yote Yotamu alikuwa akiipeleka Idodi na kupita huko mpaka mbugani, imejaa mabomba ya chuma. Didas akasema ni kwa sababu Yotamu anaendesha kama mzee wa kanisa. Yotamu akasema ndivyo gari linavyoendeshwa.

Mwisho Didas akalegea. Anasema hivi, nakuandikia neno kwa neno: otomatiki haiuawi na mlima, inauawa na joto na kiu. Ukiipa oili yake na usiitese kwa mzigo wa tamaa, itakuzika. Ukiisahau, utaizika wewe.

Basi nikapeleka jina lako. Kaka, walioandika majina kutaka nyekundu walijaa ukurasa mzima, ameipata Bujiku, yule Msukuma mwenye ng'ombe wengi kule Madibira. Kwa bluu jina lilikuwa moja tu, lako. Didas ataileta mwenyewe, na ameomba umpikie ndizi.

Mdogo wako mwenye furaha kuliko wewe,
Yudith


Mbalizi,
5 Machi 1978

Yudi,

Ndaga fijo! Asante sana, ndaga fijo! Huku kwetu sote ni wazima, wazima kabisa, hata kuku wanatembea kwa maringo.

Didas alifika, akala ndizi kama mtu aliyetoka kifungoni, akanipa funguo. Nikapanda. Nilivaa ule mguu wa mti wa hospitali, si unajua, nionekane mtu kamili. Nikaweka kijiti cha gia kwenye D, herufi ya kwenda mbele, gari likaondoka polepole, taratibu, kama linavutwa na mtu mwenye adabu. Majirani wakapiga vigelegele. Nikafika kwenye kona, mwendo ukapungua, na ule mguu wa mti, Yudi, ukaenda wenyewe kutafuta klachi! Klachi hakuna. Kilichopo ni breki, nayo ni pana kama kiti. Ukaikanyaga kwa nguvu zote. Didas aliacha alama ya paji la uso kwenye kioo, na Rozalia nyuma alikumbatia jogoo asiyemjua.

Mara tatu nilirudia kosa hilohilo. Miaka kumi na minne ya klachi haitoki kwa siku moja. Ya nne Rozalia akasema, "Vua huo mguu." Nikauvua. Tangu hapo naendesha vizuri kama zamani, na mguu anaupakata yeye. Juzi askari wa barabarani akatusimamisha, akauliza, "Mama, hicho umeshika nini?" Rozalia akamjibu, "Mguu wa dereva." Alicheka mpaka akaegemea boneti, akasahau kuomba leseni.

Nimeshapanda Umalila mara sita. Magunia kumi, matope mpaka kwenye ekseli, gia inashuka yenyewe, inapanda yenyewe, mimi nimekaa naimba. Kila asubuhi, kabla sijawasha, injini ikiwa imelala baridi, nachomoa kijiti cha giaboksi na kupima oili kama nilivyofundishwa kwenye malori. Hainywi, Yudi. Kijiti kinatoka kimeloa mpaka juu.

Kaka yako,
Asukile


Iringa,
22 Aprili 1978

Kaka,

U hali gani? Barua zangu mbili hujajibu. Najua dereva hana muda, lakini hata mstari mmoja jamani. Mradi umenibakiza nimalizie kufunga stoo, nipo tele. Nisalimie mguu.

Yudith


Iringa,
20 Mei 1978

Kaka Asukile,

Leo sisalimii. Mtu wa Mbalizi amepita hapa, nikamuuliza habari zako, akatazama viatu vyake akasema, "Yupo barazani." Barazani kufanya nini? Gari liko wapi? Kama nimekutia hasara niambie, nitukane ukitaka, lakini usininyamazie. Sijalala vizuri tangu nimemsikia.

Mdogo wako,
Yudith


Mbalizi,
1 Juni 1978

Mdogo wangu Yudi,

Pole kwa kukutesa. Miili yetu ni mizima, mioyo ndiyo inachechemea. Nilinyamaza kwa aibu. Wewe ulifurahi kuliko mimi, nikawa naona nikikuandikia nitakuwa nimekupokonya kitu.

Ilianza baada ya Pasaka. Asubuhi nikiweka D, inasitasita kabla ya kushika. Halafu mlimani injini inanguruma lakini magurudumu hayasikii. Nikapima oili, kijiti kimeloa. Nikapima tena, kimeloa. Nikajisemea, basi ni ugonjwa wa ndani.

Jumapili moja tumetoka kanisani, betri nayo ikafa. Si unatujua sisi, gari halikuwaka, linasukumwa. Kwaya nzima ya Moraviani wakavua viatu vya ibada wakashika nyuma, besi huku, soprano kule, wakasukuma wakiimba. Nikaweka D nikingoja iruke. Haikuruka. Wakasukuma tena. Walimaliza nyimbo tatu na mteremko wote, injini haikutoa hata kikohozi. Tumefika chini, Mika wa trekta akaifunga kamba akatuvuta nusu maili mpaka nyumbani, watu wamejipanga barabarani kama wanaona maiti. Betri ya trekta ikaiwasha, lakini nikiweka D inanguruma tu. Haiendi mbele, haiendi nyuma.

Wanasema walinionya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi langu lilikwishakwenda, sijui sasa litavunjika lipi. Nacheka, lakini Yudi, inauma. Kulikosa gari niliweza. Kulipata na kulikosa tena, hapana.

Mika anasema giaboksi imekauka, dawa yake ni oili nzito ya tisini, ile ya malori inayomiminika kama asali. Jumamosi ya tarehe kumi analeta debe. Tutaijaza mpaka ifurike, ikikataa namuuzia kama chuma.

Kaka yako,
Asukile


Iringa,
Alhamisi, 8 Juni 1978

KAKA, USIMIMINE!

Barua nimeipata saa nne leo, sasa ni saa saba. Sina muda wa salamu, hujambo, sijambo. Hii ninaituma kwa kondakta wa basi, pamoja na kopo. Ameapa atakukabidhi mkononi. Usimruhusu Mika aguse chochote. Hiyo oili nzito ndiyo itakayoua kabisa.

Nilipomaliza kuisoma nilipindua stoo yote nikakipata kitabu cha hilo gari. Kilikuwa chini ya mashine ya kuandikia, kimewekwa ili isiyumbe! Hapo tuna makosa sisi, lilipoondoka hakuna aliyekumbuka kukupa. Nimekaa na Didas, mimi nasoma Kiingereza, yeye anatafsiri kwa mikono. Sikiliza.

Otomatiki haipimwi imelala. Injini ikizimwa, oili yote inashuka chini na kijiti kinatoka kimeloa hata kama imepungua nusu. Inapimwa gari limetembea, lina joto, injini inaunguruma, kijiti cha gia kiko kwenye P, ile ya kuegesha. Kaka, wewe uliipima kila siku kwa bidii na kila siku ilikudanganya. Si ujinga wako, ni ujuzi wako wa malori. Didas anasema hata yeye angepima hivyohivyo, na amesema kwa sauti ndogo sana.

Kuisukuma pia ni bure, kwaya hata ingemaliza kitabu cha nyimbo. Injini ikiwa imezimwa hakuna kinachoishika na magurudumu. Na kuvutwa nyuma ya trekta kitabu kinakataza, lakini nusu maili kwa mwendo wa Mika, Didas anaona itasamehe.

Fanya hivi. Ingia chini uangalie mabomba mawili yanayokwenda kwenye rejeta, moja litakuwa linavuja, likaze. Kisha mimina oili nyekundu iliyo kwenye kopo, nusu kwanza, washa, pitisha kijiti cha gia polepole herufi zote, pima, ongeza. Ikishika, itashika. Isiposhika nitakuja mwenyewe tuizike pamoja.

Wanaokuonya uwaambie hili: nyekundu ya Bujiku imo gerejini kwa Didas leo. Klachi ya pili tangu ainunue. Madereva wake wanaipumzishia mguu kutoka Madibira mpaka lami.

Naomba Mungu basi lisiharibike njiani.

Yudith


Iringa, getini kwenu,
Jumamosi, 1 Julai 1978

Yudi,

Barua hii haina stempu. Nimempa mlinzi akuletee huko stoo, maana amekataa kuniingiza, anasema gari binafsi lisubiri nje.

Kopo lilifika Ijumaa jioni. Bomba lilikuwa linavuja palepale uliposema. Nikamimina, nikawasha, nikapitisha herufi zote kama mtoto anayesoma darasani. Nilipofika D gari likatikisika kidogo, likashika. Mimi nilipiga ukelele, Rozalia akatoka na mwiko akidhani nimevamiwa. Mika alipokuja Jumamosi na debe lake nikamwambia akapake trekta.

Nilitaka kukuandikia siku ileile. Kalamu nikaishika, nikaona hapana, hili haliandikwi. Nikalifanyisha kazi wiki tatu kwanza, Umalila na viazi, nikipima ikiwa na joto. Halikusita hata mara moja.

Leo tumetoka Mbalizi jogoo la kwanza. Pale Igawa lilipopindukia lori langu nilipunguza mwendo, nikapiga honi ndefu, nikapita. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Njia nzima nimeendesha mimi, Yudi, hakuna mwingine aliyegusa usukani.

Rozalia amesinzia hapa pembeni amekumbatia mguu wangu, nikiuvuta ataamka, kwa hiyo siwezi kushuka. Toka wewe.

Kaka yako,
Asukile