Chumvi kwenye Karatasi za Mweka Hazina

Mpendwa Baba Achieng,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza nikiingia tu mlangoni, kabla hata sijavua viatu. Nimetoka kuogesha wazee wa watu kule Temple Hills, na Jumamosi lazima nihame nyumba yetu hii ya Langley Park. Chumba ninachohamia ni kidogo. Boksi lako la karatasi halina pa kukaa.

Nimelikwepa boksi hilo tangu tulipokusafirisha kutoka huku ughaibuni hadi nyumbani kuzikwa. Unajua kwa nini. Julai ile ya 2004 nilinunua samaki wabichi aina ya ngege, nikawapasua mgongoni kama mama alivyonifundisha, nikawapaka chumvi, nikawaanika kwenye balkoni. Nilitaka karatasi za kunyonya maji. Chini ya kitanda nikakuta rundo la kurasa zilizoandikwa kwa mkono, maneno yamekatwakatwa kwa wino mwekundu, nikadhani ni takataka zako za chuoni College Park. Kumbe ni tasnifu yako ya mweka hazina, yule aliyemtafutia mfalme pesa za vita katika karne ya kumi na sita, hadi mfalme huyohuyo akamtupa gerezani. Miaka minne ya kusoma, nakala moja, na juu yake samaki tisa.

Hukunifokea. Ulisimama balkoni na kurasa zilizolowa, ukasema, "Mama Achieng, huyu mzee alikufa na njaa gerezani. Angalau sasa amepata samaki."

Tukacheka. Ulisema utaandika upya ukipata nafasi. Halafu ukaanza kuendesha teksi, nafasi haikuja, nami sikuwahi kukuomba radhi vizuri. Jambo hilo limenikaa kifuani hata kuliko msiba wenyewe.

Leo binti yetu alikuja kunisaidia kufunga mizigo. Alipofika kwenye boksi lako akaziba pua.

"Mum, just throw it out. Inanuka."

Nikamwambia sawa, sikuwa na nguvu za kubishana. Nikalibeba hadi kwenye pipa la taka, nikalifungua mara ya mwisho.

Kurasa zile zimenyooka. Ulizipiga pasi lini, mume wangu? Na nyuma ya kurasa za mweka hazina umeandika: pasua mgongoni, toa matumbo, chumvi hadi ndani ya mashavu, geuza asubuhi na jioni. Kurasa sita nzima. Kila nilichokuwa nikifanya pale balkoni miaka iliyofuata umekiandika, nami nikidhani umekaa na chai yako unawaza teksi. Mwishoni kuna swali moja: "Siku ngapi juani? Nimuulize Mama Achieng."

Hukuniuliza. Nimelia pale kando ya pipa bila kujali nani ananiona, kisha nikalirudisha boksi ndani. Nitaacha kabati, boksi likae mahali pake.

Siku tatu, Baba Achieng. Kwa jua la huku, nne.

Pumzika, mimi bado nina mizigo ya kufunga.

Mkeo,
Mama Achieng