Stendi Nyuma ya Pazia

Ni mwaka mzima sasa, Baba, tangu ulipotuachia ile lenzi yako nzito, ndefu kama mkono, na nyumba iliyo kimya kupita kiasi. Mama kasema niandike mimi, maana kaka mkubwa akishika kalamu analia.

Uwanjani walikuita Mguu Mmoja. Siku ya mazishi mgeni mmoja alimnong'oneza kaka, "Poleni sana. Kwani mguu ulikatwa lini?" Tulicheka, Baba, tungefanyaje? Ikabidi tumweleze kwamba miguu yako yote miwili ulikuwa nayo. Huo mmoja ni wa chuma, wa kusimamishia lenzi ya kamera, uliokaa nao pembeni ya uwanja ukipiga picha za mpira miaka ishirini na sita.

Ulikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa aliyefunga stendi hiyo vibaya. Kaka aliwahi kuifunga kwenye kamera badala ya kwenye pete ya lenzi. Lenzi ikainama, skrubu ikang'oka. "Uzito uko mbele, wewe unashika nyuma!" ulifoka. Kisha ukamkalisha, ukamwonyesha mara tatu, yakaisha.

Mama alikuwa na lake moja moyoni, na unalijua. "Picha za magolikipa wa mji mzima unazo. Ya mkeo hata moja huna." Nawe ulikuwa ukijibu, "Kesho, mama watoto." Kesho zako hizo, Baba!

Mikono ilipoanza kutetemeka, Mama alikununulia stendi ya miguu mitatu. Ukabetua mdomo. "Mpira ukihamia upande wa pili, niiburute kama kitanda? Huu wangu mmoja, na miwili niliyozaliwa nayo, tayari ni mitatu. Hiyo ni ya kitu kisichokimbia." Mama akairudisha kwenye boksi, akaisukuma chini ya kitanda. Aliumia.

Baadaye hukuweza tena kwenda uwanjani. Kila asubuhi ukawa unajifungia chumbani. Tukadhani umenuna, tukakuacha.

Wiki moja baada ya kukuzika, Mama akataka kuigawa ile stendi. Kuvuta boksi, jepesi! Stendi yenyewe tuliikuta nyuma ya pazia, miguu imetanuliwa, imeelekea dirisha la uani. Lenzi ilikuwa imefungwa kwenye pete yake, barabara.

Kaka akawasha kamera. Mama anaanika nguo. Mama ameuma kibanio, anakung'uta shuka. Mama anacheka na jirani ng'ambo ya ukuta. Picha mia na zaidi, asubuhi baada ya asubuhi, na hakuna hata moja iliyotikisika.

Mama alizitazama zote bila haraka. Halafu akasema, "Si alisema hiyo ni ya kitu kisichokimbia? Kumbe ni mimi."

Moja tumeitundika sebuleni. Stendi iko palepale. Hata akifagia, Mama anaizunguka.

Unakumbukwa na mkeo. Na mwanao mkubwa, fundi umeme, ambaye sasa anafunga kwenye pete. Na mimi binti yako, ninayekwenda uwanjani na ule mguu wako mmoja. Na wajukuu wanaogombea kofia yako.

Kila nguo zinapoanikwa, Mama hutengeneza kwanza kilemba chake, akatazama dirishani. Hatujakusahau, Baba, wala hatutakusahau.