Suruali za viraka

Jumatano.

Bon, wazo lenyewe lilikuwa zuri. Waasi wanakamata makarani, basi mimi fundi ninashona viraka kwenye suruali zao nzima ili waonekane wakulima. Siku hizi cherehani ya pili nayo haipumziki.

Leo Mama Véronique alikuja akilia. Mume wake, karani wa posta, amekamatwa kwenye kizuizi cha waasi huko Tshopo akiwa amevaa suruali niliyoshona.

"Walicheka, papa fundi. Walisema, mkulima gani anapiga viraka pasi?"

"Nani alipiga pasi?"

"Mimi. Ningemwachaje atoke na makunyanzi?"

Nilimpa kiti, nikawaza kama mume wake ameshanitaja.

Alipoondoka, nilizikanyagakanyaga suruali zote zilizobaki kwenye tope la mlangoni. Kufika jioni makarani walikuwa wamezichukua zote.